Ahadi ya Mtafsiri wa Filamu

Kuna watu Mungu aliwapa mdomo akasahau kuutia breki. Mtafsiri wa filamu wa mtaa ule alikuwa mmoja wao, ndiyo maana watu walimwita Redio mpaka jina lake la nyumbani likaota kutu. Kazi yake ilikuwa kuchukua filamu ya lugha za watu, kuipunguza sauti, kisha kuisimulia kwa Kiswahili juu kwa juu. Mwanamume akisema, ni yeye. Mwanamke akilia, ni yeye. Bomu likilipuka, analipuka nalo. Akimaliza anampelekea mwenye banda la video, na watu wanalipa kiingilio kumsikiliza Redio zaidi ya kuitazama hiyo filamu yenyewe.

Alikuwa na sharti lake moja kazini: haitazami filamu kabla ya kuirekodi. Watafsiri wenzake huitazama mara mbili tatu, wakajua nani ni nani, ndipo waishike maiki. Yeye aliwacheka. Alisema hofu haiigizwi. Ukishajua nyoka yuko chini ya kitanda huwezi tena kumshtua mtu. Kwa hiyo aliingia kichwa kichwa, akarekodi mara moja tu, na hakuna kurudia hata akikohoa.

Na juu ya sharti hilo akajenga umaarufu wake, yaani kutabiri. Filamu ikikolea aliwaambia watazamaji nani atakufa na nani atapona, na hakosei. Wala hakuwa na uganga wowote. Filamu zote ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Askari akitoa mfukoni picha ya mchumba wake, huyo ni marehemu. Mtoto wa mhusika mkuu hafi hata aangukiwe na ghorofa. Watu bandani waliwekeana soda kwa utabiri wa Redio, na waliompinga walirudi nyumbani na kiu.

Chumba alichorekodia kilikuwa cha mwanawe. Kijana alikuwa utingo wa lori la mizigo. Siku moja ya mvua walifika kwenye daraja ambalo mto ulikuwa umelila kwa chini bila mtu kujua, na lori likazama nalo. Dereva alipatikana mbali huko, amenasa kwenye mizizi. Utingo hakupatikana. Kilipatikana kiatu, tena hakuna aliyeweza kuapa kuwa ni chake, maana viatu vya namna ile vinavaliwa na nusu ya vijana wa nchi. Mvua za mwaka ule zikaisha, zikaja nyingine, na mto haukutoa kitu.

Kaka mkubwa wa Redio, aliyekuwa msemaji wa ukoo, alitaka msiba uwekwe. Alikuja mara kwa mara, akakaa kwenye kochi, akazunguka mbuyu weee, na mwisho akafika palepale: maji yakimwagika hayazoleki, mtoto huyu hajaliliwa, na ndugu wanangoja siku. Mke wa Redio hakubishana naye. Aliinuka tu, akaenda jikoni akachukua sufuria yoyote, akaanza kuisugua. Nyumba ile ilikuwa na sufuria iliyosuguliwa mpaka ukiinyanyua unaona imepungua uzito. Na Redio, kila mara, alibaki kochini akimwambia kaka yake kwamba anasema kweli, tatizo ni mama tu, mama hataki kukubali.

Aliamini hivyo. Alijiona ndiye mwenye nguvu, aliyekwisha kukata shauri. Alikwenda mbali zaidi: alikihamia kile chumba na vyombo vyake vya kazi, na godoro la kijana akalisimamisha ukutani lizuie mwangwi. Siku hiyo mkewe alisimama mlangoni akalitazama godoro lile lililosimamishwa kama mtu aliyepewa adhabu, kisha akaondoka. Tangu hapo hakukanyaga mle ndani. Kwa siku nyingi walisemeshana kwa mambo ya chumvi na umeme tu.

Jambo moja zaidi lilimuuma Redio ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Zamani mtaa mzima ulimwita mkewe kwa jina la mtoto, mama wa fulani, kama wanavyoitwa akina mama wote. Baada ya mto, majirani walianza kusita. Walilifikia jina wakalimeza, wakabaki na "mama" tupu, na yeye aliitika vilevile. Hata Redio mwenyewe alijikuta anamwita hivyo.

Basi ikaja filamu ya wageni kutoka anga za mbali. Mwenye banda alikwisha kubandika karatasi ukutani, akasema watu wanaiulizia kama mgonjwa anayeulizia dawa. Redio aliirekodi mchana, saa ambayo fundi wa kuchomelea mageti, jirani yao, alikuwa amefunga na mtaa umetulia. Alivuta pazia, akatundika kitambaa chekundu kwenye kitasa cha nje, alama kwamba hakuna kuingia, akakaa. Jikoni, ng'ambo ya ukuta wa mbao, mkewe alikuwa anachambua mchele. Redio alisikia chembe zikigonga sinia.

Filamu ilianza taratibu, na taratibu ile ilitisha. Mji mdogo, watu wa kawaida, na juu yake kitu cha duara kimening'inia, kipana kuliko mji wenyewe. Hakina taa, hakina sauti. Hakipigi mtu risasi. Siku zinapita, watu wanakizoea, wanaanika nguo chini ya kivuli chake. Kisha wanaanza kupotea. Na dalili ni moja: mbwa. Mtu yuko peke yake, anafua, anapiga pasi, halafu mbwa wote wa mtaa wanakaa chini kwa pamoja, wanatulia tuli, na ukirudisha macho kwa yule mtu, pasi ipo inaunguza shati na mwenyewe hayupo.

Redio alikuwa amezaliwa kwa filamu ya namna hii. Aliishusha sauti mpaka ikawa ya mtu anayenong'ona chini ya blanketi. "Msipumue," aliwaambia watu wa bandani ambao hawakuwepo. "Mbwa huyo, mtazameni mbwa huyo. Bado kasimama. Bado."

Mhusika mkuu alikuwa mwanamke, fundi wa minara ya simu, anaishi na mwanawe wa kiume wa miaka kama kumi hivi. Anga inatanda mawingu. Mama anamwomba mtoto aanue nguo kabla ya mvua. Mtoto anatoka, anachomoa vibanio kimoja kimoja, anavitia mdomoni, anacheka na mdomo wake uliojaa vibanio. Barabarani, mbwa mmoja anakaa. Wa pili anakaa. Kamera inamfuata wa tatu, mzee, mwenye mguu mbovu, naye anajikongoja anakaa. Shati linaanguka kwenye majani. Vibanio vinaanguka juu yake. Mama anaita kutoka ndani kuuliza kama nguo zimekauka, na hakuna anayemjibu.

Hapa ndipo Redio alipotoa ahadi. Aliitoa kama alivyozoea, bila kufikiri, kama mpishi anavyotia chumvi. "Msilie, jamani," alisema. "Mtoto huyu atarudi. Mimi Redio ndiye ninayewaambia. Atarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na mama yake atamwona akiingia mlangoni. Wekeni soda zenu."

Ng'ambo ya ukuta, mchele ulinyamaza.

Mlango ukafunguka. Mkewe alisimama pale, sinia mkononi, kitambaa chekundu kikining'inia nyuma yake. Redio alitaka kumwashiria atoke, lakini angesimamaje? Filamu ilikuwa inakwenda, na yeye harudii. Aliendelea kusema. Mkewe akaliweka sinia sakafuni, akapita nyuma ya kiti chake, akakaa chini na kuegemea godoro la mwanawe, macho kwenye kioo cha kompyuta.

Mwanamke huyu hakuwa mtu wa filamu. Siku zote alisema ni uongo wa watu wenye nafasi. Sasa alikuwa anatazama kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Redio alijua kwa nini amekuja, na ile ahadi ikaanza kumwasha kooni. Lakini alijipa moyo. Filamu zote ni ndugu. Mtoto wa mhusika mkuu hafi. Zimebaki dakika nyingi, atarudi tu, na mama atatoka humu na walau kitu kidogo cha kushika.

Ikafika sehemu mama yule wa filamu yuko juu ya mnara, upepo unamtikisa, ameunganisha waya zake, na katika kelele za waya anasikia sauti za watu waliopotea. Wengi, wanaongea kwa pamoja kama watu sokoni. Anatafuta moja. Anazungusha, anazungusha, na kelele zinapungua mpaka inabaki sauti ya mtoto.

Sauti za watoto Redio huzitoa kwa kubana koo. Alilibana. Akasema kama alivyosema yule mtoto: "Mama, upo?"

"Nipo," mkewe akajibu.

Hakupaza sauti. Alijibu kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Redio aliona mshale wa sauti ukiruka kwenye kioo. Maiki ilikuwa imemchukua. Hakusimama, ila kuanzia hapo hakuwa tena anawatafsiria watu wa bandani. Alikuwa anamtafsiria mtu mmoja aliyekaa sakafuni, na alimwomba Mungu, yeye asiyemkumbuka Mungu ila umeme ukikatika, kwamba hawa watu walioitengeneza filamu hii wawe na utu.

Mama wa filamu alivuka mji. Alipita vizuizi vya wanajeshi, akafika katikati kabisa, chini ya kile kitu. Tumbo la kitu likafunguka. Mwanga ukashuka. Mwanamke akanyoosha mikono juu, na ndani ya mwanga kukaonekana vivuli vinakuja, vifupi kwa virefu. Redio aliinuka kitini bila kujijua. "Haya," alisema. "Haya, haya, wanakuja."

Mwanga ukazimika. Mbwa wote wakasimama. Kile kitu kikainuka, kikapanda, kikawa kidogo kama sahani, kama kifungo, kikaisha.

Asubuhi. Watu wanafagia barabara. Wanajeshi wanakunja mahema yao. Mtangazaji mmoja anasema wageni wameondoka na hakuna anayejua walitaka nini. Mama anatoka uani, anaokota shati kwenye majani, analikung'uta, analitundika kwenye kamba. Anaingia ndani. Halafu majina ya watu, meupe, yakaanza kupanda kwenye giza.

Redio alingoja. Kuna filamu huficha kipande baada ya majina. Aliyatazama yote: wapiga picha, washona nguo, waliopika chakula, hata aliyewachunga mbwa alikuwa na jina lake. Gharama yote ile, ndege za vita, mji mzima wamejenga wakaubomoa, na wameshindwa kumrudisha mtoto mmoja. Ingewagharimu nini? Mlango, mtoto, basi. Hata mgongo wake tu wangeonyesha. Alijikuta anawakasirikia watu asiowajua walioko asikokujua.

Majina yakaisha. Hakukuwa na kipande.

"Filamu mbovu," alisema. "Mwanzo mtamu, mwisho takataka. Hawakujua waimalize vipi, wakaiacha tu."

 Mkewe alikuwa ameupitisha mkono nyuma yake, ameshika ukingo wa godoro. "Hukuwa umeitazama," alisema.

"Sijawahi kuzitazama. Unajua."

"Ila ulisema atarudi."

"Nilisema. Ni kazi, mama. Ni maneno ya kazi."

Akamwambia alitoe hilo neno. Alisema kuna mzazi mwingine ataisikia bandani, labda naye ana wake aliyepotea, na asimfanyie mtu huyo alichomfanyia yeye leo jikoni. Alilisema bila hasira, na hilo lilimchoma Redio kuliko hasira. Hakumweleza kuwa yeye harudii. Aliirudisha filamu nyuma mpaka kwenye kamba ya nguo, akafuta pale, akaiweka maiki tayari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kurudia tangu aanze kazi. Alikwisha kupanga cha kusema: hatujui. Neno moja, hatujui, kisha anyamaze wavisikie vibanio vikianguka.

Mtoto akacheka na mdomo wake uliojaa vibanio. Mbwa wa kwanza, wa pili, yule mzee mwenye mguu mbovu. Shati likaanguka. Redio akafungua mdomo.

"Atarudi," alisema.

Akasimamisha. Akacheka kidogo, akasema ni mazoea, mdomo umezoea. Akarudisha tena. Mbwa wakakaa. Alivuta pumzi, akalishika neno lake kwa meno, hatujui, hatujui, na shati lilipoanguka mdomo ukamponyoka mzimamzima.

"Mwanangu atarudi."

Hakukuwa na mtu wa kumsingizia. Filamu aliijua mwisho wake sasa. Hapakuwa na utabiri wala chumvi, na bandani hapakuwa na mtu wa kuwekeana soda. Redio aliitoa mikono yake mezani, akaitazama kama ya mtu mwingine. Miezi yote ile kochini, akiitikia kwa kichwa, tatizo ni mama, mama hataki kukubali. Kumbe kila lori lililopunguza mwendo barabara ya nyuma alikuwa analisikiliza. Kumbe kile chumba alikihamia ili kijana akifungua mlango wa chumba kile amkute yeye. Alilia. Alilia kwa sauti yake mwenyewe, na baada ya sauti zote alizowahi kuzitoa mle ndani ile hakuitambua.

Mkewe alimwacha alie. Kisha akasogea, akakaa karibu na mguu wa kiti.

"Nilidhani niko peke yangu," alisema. "Unajua kwa nini nilikataa msiba? Si kwamba sina akili. Ule mto niliuona. Niliogopa tu. Wewe umeshamzika, kaka yako ameshamzika, ndugu wote wameshamzika. Nikasema nikiacha na mimi, hatabaki hata mtu mmoja wa kumngoja. Mtoto gani huyo asiyengojwa na mtu?"

Redio akajifuta uso kwa kiganja. 

"Nimechoka, baba. Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Lakini nilikuwa sina wa kumwachia." Akaifuta miguu yake vumbi la mchele. "Sasa nimekusikia. Basi shika wewe zamu ya kumngoja. Mimi niache nimlilie mwanangu."

Akamwambia ampigie simu kaka yake. Redio aliitoa simu mfukoni, akalitafuta jina, akapiga, na kaka mkubwa akapokea upesi, akiuliza habari za huko, akiuliza mama anaendeleaje. Yule mtu aliyeweza kuwa mwanamume, mwanamke, mtoto na bomu kwa mchana mmoja aliishika simu sikioni na koo lake likakataa. Kaka akaita, "Haloo? Upo?" Redio akatikisa kichwa, kana kwamba kaka yake anamwona.

Mkewe akainyoosha mikono akaichukua simu. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Shemeji, ni mimi. Waambie ndugu waje Jumamosi tuweke msiba. Ndiyo. Ndiyo, mimi ndiye ninayesema. Mchele upo, msihangaike sana." Akasikiliza, akaitikia mara mbili, akamshukuru, akakata.

Redio alikuwa anamtazama kama mtu aliyeibiwa. Miezi yote ile alikuwa anaiomba siku hii, na sasa imefika alitaka kuisukuma kwa mikono miwili irudi ilikotoka.

"Na akirudi?" alimuuliza. "Akirudi akatukuta tumeshamlilia?"

Mkewe aliinuka, akaokota sinia lake. Alisimama pale akichambua kwa kidole, akatoa jiwe moja, akalitupa dirishani.

"Akirudi atanikuta mimi nimelia," alisema. "Wewe utamfungulia mlango."